Neno la Ndani ya Pete

— Zuwena, niambie lile neno mara moja tu, halafu naenda zangu.

Liviu alikuwa kwenye simu ya sarafu, uwanja wa ndege wa Heathrow, London, Februari 1990. Mie nimesimama ukumbini kwa Vasanti, Wembley, mikono imejaa unga wa chapati, na mkonga wa simu umenata unga.

— Neno gani?

— Unalijua.

Nililijua. Nikalitoa kwa moyo wangu wote.

— Sikutaki, Liviu. Sikutaki, sikutaki.

Nikasikia sarafu ikidondoka ndani ya simu.

— Ahsante, akasema. Akakata.

Msinishangae, ngojeni niwaeleze.

Vasanti alikuwa Mhindi wa Mombasa, mwenye nyumba wangu. Jikoni kwake kilisemwa Kiswahili. Mwaka 1986 akampangisha chumba cha juu mwandishi kutoka Rumania, mrefu, koti moja. Kwao alifungwa kwa ajili ya kitabu, kisha akapewa pasipoti ya kuondoka asirudi. Kiingereza chake kibovu, na changu kilivunjika miguu yote miwili, shule yenyewe niliishia ya msingi. Basi akajifunza Kiswahili kwetu, huku anamenya viazi.

— Kwetu taipureta inasajiliwa polisi kama bunduki, aliniambia.

— Na kwetu visiwani, baada ya Mapinduzi, tulipanga foleni ya mchele. Ukiulizwa umepika nini, unasema hujapika.

— Foleni hata kwetu. Lakini gazeti linaandika tumeshiba. Njaa wanaiita shibe. Mimi nikaiita njaa, wakanifunga.

Jioni hiyohiyo akaniuliza, macho kwenye kiazi:

— Zuwena, mtu akimpenda mtu, kwa Kiswahili anasemaje?

Shetani akanitekenya.

— Anasema "sikutaki".

Akaliandika kwenye kijidaftari chake. Asubuhi nikamkuta mlangoni na chupa ya maziwa, masikio yamemwiva.

— Zuwena, sikutaki.

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Nilipomtazama tena, kicheko kikanikauka.

— Nami sikutaki, nikamwambia.

Miaka mitatu tukaambizana hivyo, kwa kunong'ona, Vasanti asisikie. Kila siku nilisema kesho nitamweleza kweli. Lakini lile neno lilishakuwa tamu, na "nakupenda" naliona kama nguo ya kuazima. Nikaacha hivyohivyo.

Desemba 1989 serikali yao ikaanguka. Wenzake wakampigia: rudi, tunatoa gazeti, hakuna wa kutukataza. Hakusema anaenda, hakusema anabaki. Nami na kiburi changu sikumwambia baki. Nilimwambia tu kwao baridi, achukue soksi. Mara akabadilika. Akawa anakula peke yake, hanitazami. Wiki moja tu baadaye, narudi kutoka kazi yangu ya kufagia uwanja wa mpira, begi lake halipo. Ndipo simu ikalia.

Miaka ishirini na moja ikapita, bila hata kadi. Vasanti akawa kahamia Stanmore kwa mwanawe Hemant, anaumwa. Akaniita.

— Zuwena, nina jambo limenikaa kooni.

— Liteme, mwenzangu, kabla hujalala nalo.

— Yule Mzungu wako alikuja kwangu na pete. Anataka kumpelekea sonara achore neno ndani. Akaniuliza linaandikwaje.

— Neno gani? nikauliza.

— Sikutaki. Nikamwambia, baba, hilo utalichora kwenye pete ya posa? Nikamweleza maana yake. Akakaa pale kwenye ngazi. Akasema, "Usimwambie kitu. Nitamuuliza mwenyewe."

— Na mbona ukanyamaza?

— Nilidhani unamchezea. Nikamwonea huruma.

Kumbe ile simu ya Heathrow ndiyo ilikuwa kuniuliza. Nami nikamjibu mara tatu.

Hemant akahangaika na simu yake siku mbili. Kisha akaniletea ujumbe: "Aunty, nimempata, yuko Bucharest. Piga kesho saa nne asubuhi. He's not very well."

Nilipiga.

— Liviu, ni Zuwena.

— Zuwena wa viazi?

Sauti imezeeka, Kiswahili kimeota kutu.

— Nakupenda, nikasema. Hilo ndilo neno lenyewe. Lile nilikudanganya siku ya kwanza tu. Siku zote zilizobaki lilikuwa kweli.

— Maisha yangu yote niligombana na watu wanaogeuza maneno, akasema polepole. Nikaona hata jikoni kwetu yamegeuzwa.

— Najua. Ndiyo maana sikulaumu.

— Nilioa, Zuwena. Yuko hapa, ananimenyea chungwa.

— Mwambie atoe mbegu vizuri, usije ukapaliwa, nikakosa wa kumwomba radhi.

Akacheka, kicheko kikageuka kikohozi kirefu. Kilipotulia akaniita.

— Zuwena.

— Naam.

— Sikutaki.

Nikaushika mkonga kwa mikono miwili.

— Nami sikutaki, baba.

Nikamsikia mkewe akiuliza jambo kwa lugha yao. Alivyomjibu sijui.

Liviu alikufa Aprili. Mwezi wa sita kikaja kifurushi kidogo kutoka kwa mkewe, kina barua, Hemant akanisomea: "Aliniambia habari yote. Hii ni yako." Ndani mna pete, haijachorwa kitu.

Niliipeleka Ealing Road, kwa Shiraz, sonara, mzaliwa wa Arusha. Akakisoma kikaratasi changu mara mbili, akavua miwani.

— Bibi, nani kakuandikia hivi? Hili si neno la kuweka kwenye pete.

— Chora, mwanangu.

— Una hakika? Likishachorwa halifutiki.

— Ndivyo ninavyotaka, nikamwambia. Na uchore upande wa ndani, liguse kidole.