Uvimbe Chini ya Kapeti

Mshonaji alinunua kapeti la plastiki kwa sababu ya miguu ya mama yake. Mama alikuwa amepooza, mwaka wa pili sasa, hasemi wala hatembei, na kila aliposhushwa kitandani kuogeshwa, nyayo zake ziligusa saruji ya baridi. Dukani mshonaji aliyapita yote yanayong'aa kama kioo, akachagua zito, la kijivu, lisiloteleza.

"Umechagua vizuri, dada," fundi wa sakafu alimwambia. Alilitandaza siku mbili lilegee, ndipo akalipaka gundi. "Ila usilimwagie maji hata siku moja. Kitambaa kilichokamuliwa na sabuni kidogo, basi. Maji yakipenya kwenye maungio, umekwisha."

Siku ya tatu, mchana kweupe, uvimbe ulichomoza karibu na mlango, mdogo kama yai. Mshonaji akaukanyaga, ukashuka. Alipoinua mguu, ulikuwa umechomoza tena, hatua moja karibu zaidi na kitanda.

Fundi alikuja akicheka. "Hewa tu hiyo." Akapiga goti, akautoboa kwa sindano. Ikatoka pumzi ndefu, ya moto, yenye harufu ya nywele zilizolowa, na uvimbe ukajisogeza chini ya kiganja chake kama mtoto anavyojigeuza tumboni.

"Dada," alinong'ona huku akikusanya vifaa, "hii si kazi ya fundi. Tafuta mganga, na usichelewe."

Mganga alikuwa mwanamke wa makamo, mtaa wa pili. Mshonaji alimkimbilia, wakarudi pamoja, na kabla hawajafika mlangoni wakasikia maji yakimwagika, ndoo nzima nzima, na mtu akiimba kwa sauti iliyokuwa ya mama na haikuwa ya mama, na walipoingia wakamkuta yule mgonjwa wa miaka miwili amesimama wima katikati ya chumba, kanga kaifunga kibwebwe, anamwaga maji sakafuni, na kapeti lote limelala bapa, halina uvimbe hata mmoja.

"Mama!" Mshonaji alitaka kumrukia kwa furaha. Mganga akamdaka mkono.

"Aliyesimama pale si mama yako, ni jini," alisema taratibu. "Nikimtoa, mama yako anarudi kitandani. Sema wewe."

"Sema, mwanangu," yule aliyesimama alidakia, meno nje. "Nani atakufulia? Nani atakupokea ukitoka kazini? Miaka miwili unamgeuza kama gunia. Hujachoka?"

Alikuwa amechoka. Mungu ndiye aliyejua alivyochoka. Aliitazama ile miguu aliyoikanda kila asubuhi, imesimama imara majini, na moyo ukamwambia aiache. Kisha akainua macho. Mdomo ulikuwa unacheka, lakini macho, yale macho ya mama aliyoyajua tangu ananyonya, yalibubujika machozi, yakimwomba.

"Mtoe," alisema.

Mganga alisoma kwa sauti ya chini, muda mrefu. Mwili ukatetemeka, ukapinda, ukanguruma. Ndipo lile jini likamgeukia mshonaji, likanong'ona kama mtu anayeaga jirani: "Haya. Nitakuja ukichoka zaidi."

Mama akaanguka mikononi mwa bintiye, mzito, kimya. Walilibandua kapeti lote jioni hiyo hiyo, wakalichoma nje.

"Nisamehe, mama," mshonaji alisema akimfunika shuka. "Ungekuwa unatembea." Mama alifumba macho, akayafumbua polepole. Ndivyo alivyosema ndiyo, na ndivyo alivyosema asante.

Tangu hapo humwogesha juu ya saruji tupu, taulo likiwa chini ya nyayo. Mgongo humuuma, mikono humfa ganzi, na kuna asubuhi pumzi ya kuchoka humpanda mpaka kooni. Huimeza. Hutega sikio kidogo, kisha huendelea kuosha.