Dawa ya Siku za Mbege

Kila asubuhi pale mtaani Sakina, Aika alifagia uwanja, akateka maji, kisha akamwekea mama yake vidonge vya ugonjwa wa sukari kwenye kisosi kabla ya kukimbilia shule. Mama yake, Kandida, alikuwa akiuza mbege, pombe ya ndizi, nyumbani tangu kiwanda alichofanyia kazi kilipobinafsishwa na wafanyakazi kupunguzwa. Biashara ilishika haraka, maana waliopunguzwa kazi hawakupunguzwa kiu.

Jambo moja lilimchanganya Aika. Siku isiyo na pombe, mama alimeza vidonge bila kuhimizwa. Siku ya mbege, vidonge vililala kwenye kisosi mpaka jioni, na siku za mbege zilikuwa nyingi. Kidonda alichokuwa nacho mguuni kikakataa kupona. Kliniki walikuwa wameonya kwamba sukari isiposhuka, mguu unaweza kukatwa.

Aika alimgombeza mama yake. Mama akamuuliza tangu lini amekuwa mama mkwe wake. Aika akalia. Mama akaahidi kumeza, na kesho yake vidonge vikabaki vilevile. Mguu anautaka, dawa anazo, na bado hamezi. Aika hakujua ashike lipi.

Siku ya kliniki alimsindikiza. Muuguzi Simaloi alipouliza kuhusu dawa, mama alijibu bila kupepesa kwamba anameza zote. Aika akainamia sakafu. Muuguzi akamuuliza mbona amenyong'onyea.

"Shikamoo," alisema Aika, ingawa alikwisha kumwamkia mlangoni. "Siku za mbege hamezi. Sijui kwa nini."

Kandida alimtupia lile jicho ambalo kila mtoto analijua. Lakini muuguzi hakufoka. Alisogeza kiti, akasema hata baba yake mzazi kule Olasiti huficha vidonge ndani ya soksi. Kisha akauliza taratibu, "Mama Aika, siku hizo ugumu unakuwa wapi?"

Mama aliutazama mguu wake.

"Kwetu mteja hanywi mpaka mwenye pombe aonje kwanza," alisema. "Na nyie mlisema dawa na pombe haviendi pamoja. Nisipoonja, nitamuuzia nani? Basi nikawa naacha dawa. Ningewaambia, si mngenifukuza?"

"Hatufukuzi mtu. Kuacha dawa kunakuumiza, na mbege yenyewe inapandisha sukari. Tutafute mtu mwingine wa kuonja."

Aika alifungua mdomo. Mama akamwambia aufunge.

Wakakubaliana kuwa aonje jirani yao Tabea, aliyemsaidia kupika. Siku ya mbege iliyofuata, Tabea akaonja. Mteja wa kwanza, Mzee Thomasi, aliguna akauliza kama mwenye pombe anaiogopa pombe yake.

"Nina sukari, Mzee Thomasi," alisema Kandida, kwa mara ya kwanza mbele ya watu. "Na mguu wangu bado nauhitaji."

Thomasi alimtazama, akampa pole, akapokea kata yake ya mbege akanywa.

Vidonge vikawa vinamezwa kila siku, na polepole kidonda kikafunga. Muuguzi alipouona mguu alifurahi, akamgeukia Aika.

"Ukimwona mtu hamezi dawa, usianze na kumgombeza. Muulize anaogopa nini." Kisha akamtazama Kandida. "Na wewe, Mama Aika, usitufiche. Ukituficha, tunamtibu mtu ambaye hayupo."