Zamu ya Mlangoni

Jua lilikuwa linazama nilipofika kwa mama mmoja muuza vitabu kuchukua kijitabu nilichoagiza. Kwenye simu alinionya nisichelewe. "Giza likiingia simfungulii mtu," alisema, nami nikacheka kimoyomoyo. Wauza vitabu vya zamani wana vituko vyao.

Nasi wanunuzi hatujambo. Mimi ni fundi friji, mtu mzima na mvi zangu, lakini chumba changu kimejaa vitabu vya michezo ya mezani hadi kabati halifungi. Ni ile michezo ambayo mmoja anakuwa msimulizi, wengine kila mtu ana mhusika wake, na dadu zinaamua nani afe na nani apone. Vitabu vinene vina sheria. Vijitabu vyembamba vina visa: pango, mji uliolaaniwa, malkia aliyepotea. Kisa kimoja kinatosha jioni moja. Mkusanyaji ni kama mlevi, kila anachonunua huapa ndicho cha mwisho.

Hiki kilikuwa cha mwisho kweli. Kilifunga mfululizo ambao mimi na mdogo wangu tuliuanza tukiwa bado tunalala kitanda kimoja. Tulibakiza hicho tu. Mdogo wangu alifariki kwa ugonjwa wa kifua msimu wa mvua uliopita, akiwa bado anakiulizia.

Tangu mazishi, nyumbani kwetu hakukaliki. Kila magharibi Mama husema kuna mtu amesimama nje ya mlango. Habishi hodi. Anapumua tu, kwa shida. Mama huvuta kigoda, hukaa upande wa ndani, akamsemesha. Mimi nilikuwa namwambia ni panya. Kisha naenda chumbani kwangu kulia, maana hata mimi nilikuwa nausikia ule mkoromo, na nilikuwa naujua.

"Hodi!"

Yule mama alifungua. Mzee, mwembamba, shali begani. Hakunitazama mimi. Alitazama nyuma yangu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mwenzako mbona anabaki nje?"

"Nimekuja peke yangu."

Alinivuta ndani, akauacha mlango wazi kidogo.

Sebule ilikuwa na maboksi ya vitabu hadi dirishani. Ilinuka karatasi zenye unyevu... na moshi. Moshi wa kuni, mzito, wa kuwasha macho. Nikachungulia jikoni. Jiko lilikuwa la gesi, tena limezimwa.

Alinikabidhi kijitabu, akaninong'oneza.

"Huyo wa nje ni kijana. Amelowa. Anashika kifua."

"Ni mdogo wangu," nikasema. "Tulishamzika."

"Mchezaji asipokuja mezani, nyinyi mhusika wake mnamfanyaje?"

Swali la ajabu, lakini kila kikundi kina jibu lake. Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo. Sisi tuliwakatalia. Mtu akiwa safarini au mgonjwa, mhusika wake hatumuui, tunampa kazi. Tunamwacha alinde mlango wa pango mpaka mwenyewe arudi.

"Na mdogo wako alipokufa?"

Nikakumbuka. Baada ya mazishi sisi wachezaji tulikaa mezani, kiti chake kitupu, na hakuna aliyethubutu kusema mhusika wake naye afe. Msimulizi ni mimi. Nikasema, yeye analinda mlango, sisi tusonge mbele. Tulilia watu wazima, tukaona tumemheshimu.

"Ulimpa zamu, naye analinda kila mlango unaoingia," akasema yule mama. "Nani alimwondoa?"

Jikoni kitu kikalia. Ta... ta-ta...

Kuni zikishika moto.

"Ni binti yangu," akasema kabla sijauliza. "Nao walicheza, baba yake ndiye aliyekuwa msimulizi. Binti alipofariki, akamwacha alinde moto wa kambi. Halafu baba naye akafa, hajamwondoa. Nimesema kila neno ninalolijua... hanisikii. Si mimi niliyemweka pale." Akajifuta macho kwa ncha ya shali. "Wewe bado una ulimi. Mwambie zamu imekwisha. Lakini usimwambie aingie. Umpende vipi, usimwambie aingie."

"Akiingia itakuwaje?"

Akanitoa nje kwa upole, kama mtu anayeogopa kumwamsha mtoto.

Ningeweza kulisema neno hilo pale pale. Sikulisema. Nilitaka nitembee na mdogo wangu hadi nyumbani, mara moja tu.

Sikugeuka nyuma. Nilisikia hatua zake, nzito, za mtu aliyechoka, na harufu ya ile dawa tuliyokuwa tunamchua kifuani. Chini ya taa ya barabarani nilisimama nikamsomea ukurasa wa kwanza wa kisa chetu. Mkoromo ukasogea hadi sikioni. Nilisoma polepole, huku machozi yananidondoka juu ya karatasi.

Nyumbani, Mama alifungua kabla sijabisha. Sikuwa nimeuona uso wake ukiwa na nuru vile tangu msiba.

"Leo mmekuja wote!" Akasogeza kigoda kupisha njia. "Mwambie aingie, mwanangu. Mimi kila siku namwomba, hanisikii. Mwambie wewe."

Ndipo nikasikia sauti nyuma yangu.

"Kaka... bado?"

Neno "ingia" lilikuwa limeshafika kwenye meno. Nililitaka kuliko kitu chochote duniani. Lakini ile sauti ilikuwa imechoka. Mvua zote zile alikuwa amesimama nje, kwa sababu mimi sikuwa na moyo wa kumuaga.

"Zamu yako imekwisha," nikasema. "Nenda, mdogo wangu. Umefanya kazi."

Pumzi moja ndefu.

Halafu kimya.

Harufu ya dawa ikapotea. Mama alitazama nyuma yangu, kushoto, kulia. Hakupiga kelele.

"Mwanangu alikuwa mlangoni," akasema. "Na wewe umemfukuza."

Siku hizi nyumba ina utulivu. Kile kisa kiko kabatini, hatujakicheza. Lakini kila magharibi Mama hutoka nje na kusimama kando ya mlango, pale pale alipokuwa akisimama mdogo wangu, mvua inyeshe, baridi iume. Namwambia, mama, zamu imekwisha, tuingie ndani. Hunitazama kama mtu asiyenijua.

"Zamu hii hukunipa wewe," husema. "Huwezi kuniondoa."

Nimemuuliza ni nani aliyempa. Mpaka leo hajanijibu.