Sanduku la Udi la Umm Salal

Sanduku lilikosekana Jumamosi asubuhi, Julai 2016, katika ukumbi wa harusi kule Umm Salal, nje ya Doha. Lilikuwa la mbao nyeusi, limejaa udi ambao familia ya bibi harusi ilikuwa imeukabidhi kwa shirika lenye ukumbi uhifadhiwe hadi Jumatatu, siku ya sherehe. Mlango wa stoo haukuvunjwa. Kitasa kizima, taa ya mashine ya kadi inawaka kijani kama kawaida.

Herbert, mkuu wa ulinzi, Mganda mnene asiyependa kuulizwa jambo mara mbili, alikwenda ofisini akakaa kwenye meza ya mapokezi, akachapa kidogo kwenye kompyuta, akatoa karatasi yenye mstari mmoja. Stoo, Ijumaa, saa nne kasorobo asubuhi, imefunguliwa na: Cheryl.

Cheryl ndiye mpokeaji wageni. Kufikia mchana mudir, meneja wao, alikuwa ameshaambiwa, na mudir hakutaka maneno mengi. Khalas, yameisha. Kesho jioni, ndege, Nairobi, na asionekane tena Doha.

Jumapili asubuhi basi la wafanyakazi lilipofika Fereej Bin Mahmoud, mtaa wanakolala, jengo zima lilikuwa dirishani. Cheryl alipanda na begi lake, macho yamevimba. Nyuma yake alipanda Shiru, fundi wa kompyuta aliyeanza kazi mwezi huo kuchukua nafasi ya Ronny, na ambaye hakuwa amelala kwa sababu chumba chao cha vitanda sita kilikuwa kimekaa matanga ya mtu aliye hai.

"Joram, funga madirisha jameni!" Shiru alimwambia dereva. "Huu ni Julai. Unataka kutuchoma?"

"AC imekufa, madam. Vumilieni tu."

Shiru alikaa mbele. Upepo wa jangwa ulimpiga usoni kama mvuke wa sufuria, lakini magotini alihisi baridi. Alikuwa amechoka na watu wote wa dunia.

"Nionyeshe tena ile picha," alimwambia Cheryl.

Kwaya ya Ijumaa, kanisani, saa nne kasorobo hiyo hiyo. Cheryl katikati, kadi yake ya kazi inaning'inia shingoni juu ya joho. Kando yake Marvin, mlinzi wa ukumbini, shingo wazi, mdomo umeachama kwenye noti ya juu.

"Ulimwonyesha Herbert?"

"Aliniambia picha si mashine. Ati mashine haisemi uongo." Cheryl alifuta pua. "Shiru, mimi ndiye ninayelea nyumbani. Nikirudi na jina la mwizi, hata ile kliniki ya kwetu hawatanichukua kufagia."

Dereva alikohoa, akaongeza sauti ya redio.

Ofisini Shiru hakuketi. "Bwana Herbert, nipe Ijumaa yote. Si mstari mmoja. Milango yote."

"Ya nini? Mwizi tunaye."

"Nipe tu, tafadhali, kabla sijapandwa na presha."

Herbert alitoa karatasi huku akinung'unika. Shiru aliisoma, akacheka kicheko kisicho na furaha.

"Geti kuu, Cheryl. Jikoni, Cheryl. Chumba cha sala cha wanaume, Cheryl. Geti kuu tena, Cheryl, dakika ile ile yuko jikoni. Huyu msichana ana miguu mingapi? Hukuona?"

"Nilitafuta stoo, nikaona stoo. Mimi ni mtu wa kazi."

"Jumamosi ulichapia wapi?"

"Hapo kwa Cheryl, kila siku. Nenosiri langu nilisahau tangu Ramadhani. Kila mtu hapa anatumia ya Cheryl, hata wewe unajua."

Shiru alifunga akaunti ya Cheryl, akaingia kwa jina lake mwenyewe, akaleta swali lile lile alilochapa Herbert, herufi kwa herufi. Akabonyeza. Skrini ikajaa: Shiru, Shiru, Shiru. Stoo, Ijumaa: Shiru.

Herbert aliruka kutoka kitini. "Kumbe ni wewe!"

"Nilikuwa bado sijapewa hata kadi Ijumaa!" Shiru alipiga meza. "Keti chini, mzee wangu. Keti. Ronny alipotengeneza hifadhidata hii, safu ya mwenye kadi aliiita USER. Kosa la kwanza. Hilo neno hifadhidata imelitenga, ni lake. Ukilichapa hivi, uchi, haiendi kusoma safu ya Ronny. Inakujibu jina la anayeiuliza. Ukiuliza kwa akaunti ya Cheryl, itasema Cheryl. Ukiuliza kwa yangu, itasema mimi. Angeuliza mudir, ingekuwa mudir ameiba."

"Lakini Ronny aliniandikia hilo swali mwenyewe, kwenye simu."

"Lete simu."

Ujumbe wa Ronny ulikuwepo, na neno hilo alikuwa amelifunga kwa alama za kunukuu kila upande.

"Na hizi ulipeleka wapi?"

Herbert alitazama dari. "Nilidhani ni mapambo."

Cheryl, aliyekuwa amesimama mlangoni na begi, aliketi juu yake. "Mapambo," alirudia. "Nafukuzwa nchi kwa sababu ya mapambo."

Shiru aliweka alama zile, akabonyeza tena. Majina yakatawanyika kama watu wakitoka kazini: huyu jikoni, yule getini. Na stoo, saa nne kasorobo: Marvin.

"Niliwaambia!" Herbert alishika redio. "Marvin, yalla, ofisini!"

Marvin aliingia akitabasamu, rangi ikamtoka alipoambiwa. "Mimi? Nilikuwa naimba! Muulizeni Cheryl, alinikanyaga mguu."

"Hatubishi," Shiru alisema. Aliweka picha mbele yake. "Cheryl ana kadi shingoni. Yako iko wapi?"

Marvin alijishika kifua kama aliyeibiwa sasa hivi. "Iliachwa kwenye basi. Walinzi wote tunaziacha, kwenye ile ndoano ya kioo cha dereva. Kule kanisani watu ni wengi, ukipoteza kadi Herbert anakula nyama yako. Joram anatulindia."

"Na Joram alikuwa wapi mkiimba?"

"Alisema atatungoja palepale maegeshoni."

Hawakuhitaji kumwita. Joram alikuwa nje ya ukumbi, anangoja kumpeleka Cheryl uwanja wa ndege jioni. Walimkuta garini, madirisha yote wazi.

"Joram, AC yako ni nzima," Shiru alisema. "Magoti yangu yaliganda leo. Mtu anafungulia AC na madirisha pamoja kwa nini?"

"Hewa, madam."

"Hewa gani? Funga."

Hakufunga. Herbert aliingia, akafunga moja baada ya jingine, na kabla ya la mwisho harufu ilikuwa imejaa mpaka macho yakawasha: udi, tamu na nzito, nyumba nzima ya harusi ndani ya basi. Sanduku lilikuwa chini ya kiti cha nyuma, limeviringishwa blanketi. Halikuwa limepungua hata kipande.

"Hata hukuuza?" Herbert aliuliza, kama aliyeumia zaidi kwa hilo.

"Niuze kwa nani? Nilitaka wewe ufukuzwe." Joram aliongea akitazama usukani. "Mara tatu nimeomba likizo. Mtoto wangu amejifunza kutembea, sijawahi kumshika. Kila mara unasema mwezi ujao, Joram, mwezi ujao. Nikasema, udi ukipotea wiki ya harusi, mkuu wa ulinzi ndiye atakayepanda ndege. Sikujua mashine itamtaja dada huyu."

"Lakini ulijua tangu jana," Cheryl alisema. "Leo asubuhi umenipandisha na begi. Ungenifikisha mpaka uwanja wa ndege?"

Mikono ya Joram ilibaki kwenye usukani.

Mudir hakutaka polisi wiki ya harusi. Tiketi ilibadilishwa jina, na jioni ile Joram akaenda nyumbani, si kwa likizo.

Jumatatu Herbert alikuja mapokezi akiharakisha, karatasi mkononi, akavuta kiti cha Cheryl kama alivyozoea. Kiti hakikusogea. Cheryl alikuwa amekikalia imara, kadi shingoni, mkono mmoja juu ya kibodi.

"Bwana Herbert," alisema, "kaa kwako, uingie kwa jina lako."