Kufuli la Sonara Chindan

Kisanduku kilikuwa wazi, kufuli lake limekatwa, na pete haikuwamo. Ndani kulibaki kitambaa chekundu tu, na juu ya kitambaa vumbi jembamba la chuma.

Inspekta Vanaja alichuchumaa mbele ya kisanduku hicho asubuhi ya Alhamisi, katika karakana ya sonara Chindan, mjini Payyannur, kusini mwa India. Karakana yenyewe ilikuwa ndogo kama jiko: makaa ya vifuu vya nazi, mrija wa kupulizia moto, tupa za kila namna, bamba la matundu la kuvutia waya wa dhahabu, na fimbo ya chuma iliyochongoka ya kuviringia pete. Kila kitu kilikuwa mahali pake. Mwizi gani huyu mstaarabu, alijiuliza, asiyepindua hata koleo?

"Pete ilikuwa imekwisha?"

"Bado kusugua fundo la juu," Chindan alijibu. Alikuwa na miaka sabini, na leo alionekana wa tisini. "Gramu kumi na mbili. Ya Mwalimu Achuthan."

Mwalimu Achuthan mwenyewe alikuwa mlangoni, amefura kwa hasira. "Jumapili namfanyia marehemu baba ibada ya mwaka. Pete takatifu ya fundo lazima iwe kidoleni. Afande, tunazunguka nini? Funguo ni mbili. Mmoja wa mzee, mwingine wa huyo."

Huyo alikuwa Kelu, msaidizi wa Chindan kwa miaka ishirini na miwili, mtu mzima mwenye maneno machache.

"Nani alifunga jana?" Vanaja alimuuliza.

"Mimi."

"Ukaenda wapi?"

"Nyumbani."

"Shahidi?"

"Mke wangu. Ila alikuwa amelala."

Konstebo Rajeevan aliguna. Vanaja aligusa vumbi la chuma kwa ncha ya kidole. Kufuli likikatwa kifuniko kikiwa kimefungwa, vumbi lake huanguka nje. Hili lilikuwa ndani, juu ya kitambaa.

"Aliyekata alikuwa ameshafungua kwa ufunguo," alisema. "Kufuli alilikata baadaye, kwa msumeno wa sonara, ili atuzuge."

Chindan akatazama miguu yake. Nani anajiibia dhahabu ya mteja halafu akaita polisi? Alibaki Kelu. Jioni hiyo Vanaja akamtia pingu.

Lakini roho ya inspekta haikutulia. Alikulia mtaa wa pili kutoka hapo na aliijua kazi hiyo. Kesho saa kumi alasiri, kabla saa ishirini na nne hazijaisha, Kelu alitakiwa awe mbele ya hakimu. Akishasimama kizimbani, hata kama ataachiwa baadaye, hakuna sonara atakayemruhusu kuketi karibu na dhahabu tena maishani. Na kazi nyingine Kelu hakuwa nayo.

Ijumaa mchana Rajeevan aliingia ofisini akicheka. "Afande, bwana wa selo anatuchagulia chakula. Wali kala, mchuzi wa kibua kausukuma. Namwambia hapa si hotelini, ananiambia ana nadhiri."

Vanaja aliweka kalamu chini, akaenda selo.

"Nadhiri gani, kaka Kelu?"

"Ya pete, afande. Tangu Jumatatu tulipowasha moto. Samaki hapana, nyama hapana, pombe hapana, mpaka mwenyewe akabidhiwe."

"Pete si imeibwa?"

"Ndiyo. Lakini hajakabidhiwa."

Vanaja alishika nondo za mlango. Mtu aiibe pete, aiuze au aiyeyushe, halafu aendelee kujinyima samaki kwa ajili yake? Ili iweje?

"Na mzee naye ameishika nadhiri?"

Kelu akageuza uso. "Hilo muulize mwenyewe."

Saa nane na nusu Vanaja alikuwa karakanani. Chindan alikuwa ameketi peke yake, akivuta waya wa dhahabu kwenye tundu la bamba.

"Dhahabu ya nani hiyo?"

"Bangili ya mke wangu. Nataka nimlipe Mwalimu."

Mkewe, Chirutha, alikuwa anaingia na chai.

"Mama, una bangili ngapi za dhahabu?" Vanaja aliuliza.

"Hizi hizi mbili, mwanangu, tangu harusi." Alizitikisa mkononi.

Vanaja alingoja mama atoke. "Mzee, mara ya mwisho ulikula samaki lini?"

Waya ukakatika mkononi mwa Chindan.

"Jumanne," alisema. "Nilikwenda kununua makaa. Pale mgahawani kwa Devaki walikuwa wanakaanga vibua. Miaka hamsini nashika nadhiri, binti yangu. Sijui nini kiliniingia. Nikala viwili."

"Viwili?"

"Vitatu, nikisema kweli."

"Ungempa tu pete yake. Nani angejua?"

"Inavaliwa kwa ajili ya marehemu. Marehemu ningemficha vipi?" Alifuta macho kwa kiwiko. "Ikabidi niiyeyushe, nijitakase kwanza juma zima ndipo nianze upya, na siku hazitoshi. Nikisema, mji mzima utajua Chindan kavunja nadhiri. Nikaona ikiibwa, Mwalimu atasogeza ibada na hakuna wa kulaumiwa."

"Hakuna? Kelu yuko ndani."

"Sikudhani mtamkamata yeye. Tangu jana najiambia saa ijayo naenda polisi. Saa ijayo. Nimemkosea sana."

Vanaja alitaka kumfokea, lakini kifua chake kilikuwa kimeshakuwa chepesi mno. Akaipima dhahabu kwenye mizani ya mzee mwenyewe. Gramu kumi na mbili kamili.

"Vaa shati, mzee. Korti ni saa kumi."

Kituoni Mwalimu Achuthan alikuwa anasubiri kumwona mwizi akipakiwa garini. Chindan alimweleza yote mwenyewe, bila kushusha sauti, askari wote wakisikia.

"Vitatu?" Mwalimu aliuliza.

"Vitatu."

Rajeevan alimfungulia Kelu. Vanaja akamvuta pembeni. "Ulijua?"

"Jumanne alirudi vidole vinanuka. Nilingoja aseme mwenyewe. Ningesema mimi, nani angempa kazi ya pete tena?"

"Na mimi Jumapili nitavaa nini?" Mwalimu alikuwa anauliza, sasa kwa upole.

Chindan alimnyooshea Kelu mkono. "Atakutengenezea huyu. Nadhiri yake haina doa. Akiyeyusha upya leo na kukesha, kesho jioni unayo."

"Fundo hujawahi kuniachia, mzee," Kelu alisema. "Miaka yote nasugua tu."

"Hilo nalo ni kosa langu."

Mwalimu akaomba karatasi, akaandika kwamba anaondoa mashtaka.

"Taarifa ya uongo kwa polisi ni kosa, mzee," Vanaja alisema. "Jumatatu utakuja hapa tuongee. Leo nenda kazini."

Kelu alivaa ndala zake, akaupokea waya wa dhahabu, akaukagua kwenye mwanga wa dirisha.

"Twende, mzee," alisema. "Moto utapuliza wewe."

Chindan akatoka, na kwa mara ya kwanza tangu wafahamiane, alitembea nyuma ya Kelu.