Pumzi ya Wimbo wa Tatu

Foleni ya malori ilianzia kwenye geti la forodha la Busia, upande wa Uganda, ikapita soko, ikapita stendi ya boda, ikafika mlangoni kwa Taaka na kuendelea mbele. Ndiyo maana Taaka alikiweka kibanda chake pale. Dereva anayengoja makaratasi ya mzigo huzichoka nyimbo zake, na kazi ya Taaka ilikuwa kumjazia mpya kwenye flashi: injili kwa anayekwenda Juba, lingala kwa anayekwenda Kigali, ohangla kwa anayerudi Kisumu. Hakusoma zaidi ya darasa la saba, lakini masikio alikuwa nayo. Dereva akipiga mluzi mistari miwili tu, wimbo umeshapatikana.

Jumanne moja saa nne asubuhi, katikati ya honi na vumbi na wauza samaki, kijana mrefu akasimama mbele yake. Shati la rangi ya haradali, viatu vimeng'arishwa kama mtu anayekwenda kuposa, mkononi kasha refu jeusi.

"Nyabo," akamwita kwa heshima ya Kiganda, "uko na jazi?"

"Niko nayo mingi. Wataka ya wazee gani?"

"Si hiyo ya magitaa ya wazee. Jazi ya sasa. Albamu zimetoka mwaka huu, za vijana wa Kampala, wa Nairobi, wa Johannesburg. Saksafoni na piano."

"Hiyo hakuna mtu anauliza."

"Mimi si nauliza?"

"Wewe ni mmoja, ssebo."

"Basi anza kuhesabu na mimi."

Jirani yake Mildred, Mkenya aliyevuka mpaka kila asubuhi kuja kuuza mabeseni, akacheka hadi beseni moja likamdondoka.

Kijana aliitwa Ekaju, mtu wa Tororo, mpiga saksafoni katika bendi ya hoteli. Flashi yake ilikuwa imejaa albamu mpya za jazi, na alitaka madereva wazisikie, kwa sababu na yeye alikuwa akitunga ya kwake. Akalifungua kasha. Shaba ikang'aa pale kibandani, hata mama wa samaki akageuka. Taaka akanyoosha mkono kugusa kile kipande cheusi cha kupulizia. Ekaju akamzuia kidole, taratibu.

"Shati yangu nakupa. Chakula yangu nakupa. Hii ya mdomo sikupi. Ni kama mswaki."

"Hata bibi yako hutampa?"

"Bibi yangu sijampata bado. Labda yuko kwa hii foleni."

"Foleni ni ya malori," Taaka akasema, akainama kwenye kompyuta asionekane anavyotabasamu.

Ikawa kila Alhamisi Ekaju anakuja. Alikaa nyuma ya kibanda juu ya kreti la soda, akafanya mazoezi, na Taaka akimhudumia dereva huku sikio moja liko nyuma. Ndipo alipoijua pumzi yake. Utotoni Ekaju aliugua pafu la kushoto, kwa hiyo hakuweza kuuvuta mstari mrefu. Kila baada ya vipande viwili vya wimbo alikata, akavuta hewa puani kwa sauti ndogo, kama mtu anayeonja chai ya moto. Wengine hawakuisikia. Taaka aliisikia hata malori yakinguruma.

Madereva nao wakaizoea. "Nipe ile haina maneno," walisema. "Maneno inanichosha barabarani."

Mwezi wa sita Ekaju alimpigia wimbo mmoja aliouita "Foleni". Ulianza polepole, ukasimama, ukasogea kidogo, ukasimama tena, kama malori yanavyosogea.

"Huu utakuwa wa tatu kwa albamu," akasema. "Ni wako. Pumzi yote ndani yake ni yako, sukari."

Siku hiyo Taaka alimjazia dereva wa Juba lingala tupu na hakujua hadi mwenyewe aliporudi kulalamika.

Mwezi wa nane Ekaju akaingia studio Tororo. Siku ya kwanza alipiga simu mara tatu.

"Umekula, sukari?"

"Nimekula. Wewe umepiga ngapi?"

"Tano. Kesho napiga yako."

"Basi pumua vizuri."

Kesho yake simu haikulia. Taaka akangoja hadi saa kumi, akapiga mwenyewe. Ikapokewa na mwanamke.

"Ekaju hawezi kuongea sasa hivi. Nimpe ujumbe?"

"Wewe ni nani?"

"Felistus. Tuko kazini, dada."

Taaka akakata. Kilichomchoma ni lile "tuko". Alilala nalo, akaamka nalo, akalichemsha pamoja na chai. Kwa wiki mbili zilizofuata Ekaju hakupiga simu hata mara moja. Alituma meseji tu: "Kazi mingi, mpenzi. Nakuja."

Akaja kweli, Alhamisi, shati jipya la bluu. Lakini hakucheka. Alimbusu kwenye paji la uso midomo imefungwa, na kila alipoongea mkono ulikuwa mbele ya mdomo.

"Nipigie kidogo," Taaka akasema.

"Leo midomo imechoka."

Midomo imechoka na nini, Taaka akajiuliza. Ekaju alipotoka kumsalimia Mildred, yeye akalifungua kasha. Juu ya kile kipande cheusi, pale pale ambapo yeye alikatazwa kuweka kidole, palikuwa na alama nyekundu ya rangi ya mdomo. Akaitazama vizuri. Akalifunga kasha, akalirudisha lilivyokuwa. Taaka hakuwa mtu wa kupayuka. Alikuwa mtu wa kuona na kuweka.

Ekaju alimwachia albamu kwenye flashi na jalada lililochapishwa. *Foleni*, nyimbo nane. Chini, kwa herufi ndogo: *Saksafoni zote: Ekaju*. Uzinduzi ungekuwa Jumapili ya wiki iliyofuata, Tororo.

Alipoondoka Taaka akavaa hedifoni. Wimbo wa kwanza, pumzi ya chai ya moto ipo. Wa pili ipo. Wa tatu ukaanza, akaegemea mbele. Vipande viwili vikapita bila kukata. Vikawa vinne. Kisha hewa ikavutwa kwa mdomo, laini, ndefu, kama mwanamke anayetaka kusema neno halafu akaliacha.

Akarudisha nyuma. Akasikiliza tena. Dereva alikuwa akimgongea meza na yeye hana habari.

"Wewe, unalia?" Mildred akamvua hedifoni.

"Silii. Sikiliza hapa. Huyu si Ekaju."

Mildred akasikiliza, macho juu. "Mimi nasikia saksafoni tu."

"Sikiliza anavyopumua. Huyu ni mwanamke."

"Msichana, nimeona watu wakionea wivu meseji, wengine picha. Sasa wewe ni pumzi?"

"Ni wimbo wangu, Mildred. Aliniambia pumzi yote ni yangu."

Mildred akaacha kucheka. "Muulize basi."

"Nitamuuliza nikimwona usoni."

Tangu siku hiyo kila dereva aliyetaka albamu ya Ekaju alipewa nyimbo saba. Wa tatu Taaka aliuondoa kwa kidole chake mwenyewe. Malori yakaenda Kampala, yakaenda Juba na Bujumbura, na hakuna hata moja lililombeba yule mwanamke. Hilo lilimpa raha kwa muda mfupi, kisha usiku anajikuta akiuhesabu ule mstari mrefu kichwani. Vipande vinne. Mwanamke mwenye kifua kama hicho atakuwa anafananaje?

Jumapili alijua. Uzinduzi ulikuwa mchana, katika bustani ya hoteli chini ya ule Mwamba wa Tororo, viti vyeupe vimepangwa, mtangazaji wa redio akijaribu maikrofoni. Taaka alikuwa amevaa gauni la kitenge la kijani, lenye mikono mipana, aliloshonewa kwa ajili ya siku hii kabla mambo hayajaharibika. Kwenye safu ya mwisho aliketi msichana mwenye nywele fupi, suruali nyeusi, mikanda miwili ya begani juu ya shati jeupe, kasha miguuni. Midomo yake ilikuwa nyekundu. Ni nyekundu ileile. Na alikuwa mzuri. Taaka alikuwa ameomba sana asiwe mzuri.

Akamkuta Ekaju nyuma ya jukwaa, karibu na tangi la maji, ndani ya suti nyeupe.

"Sukari, umekuja," mkono mbele ya mdomo.

"Toa mkono."

"Taaka..."

"Wimbo wa tatu si wewe umepiga."

Ekaju akawa kama amemwagiwa maji. "Nani amekuambia?"

"Hakuna mtu ameniambia. Wewe unavuta hewa kwa pua, kila vipande viwili. Huyo anapiga vinne na anavuta kwa mdomo. Na rangi yake iko kwa saksafoni. Mimi ulinikataza hata kidole, Ekaju. Yeye umempa mswaki."

"Watu wa hoteli hawakujua. Mtangazaji hakujua."

"Hao walikuwa nyuma ya kibanda na wewe?"

Ekaju akatazama chini. Kisha akatia vidole mdomoni, akatoa jino la bandia. La mbele, la juu. Likakaa kiganjani kama punje ya mahindi, na pengo likamfanya aonekane mtoto wa darasa la pili.

"Nilianguka na boda asubuhi ile ya siku ya pili," akasema, na maneno yakatoka na upepo. "Mdomo ulifura hivi. Saksafoni inashikwa na meno ya juu, bila hiyo hupigi. Studio ilikuwa imebaki siku tatu, baada yetu kuna watu wengine. Felistus anapiga katika bendi ya kanisa, ng'ambo ya mpaka, Kenya. Saksafoni ya kanisa haivuki mpaka bila barua ya mchungaji, na mchungaji alikuwa amesafiri. Nikampa yangu. Akapiga nyimbo tatu, akarudi kwao. Ndiyo hiyo yote. Tangu siku hiyo mimi sijapuliza hata mara moja."

"Na simu?"

"Ningeongea na mdomo gani?"

"Na mimi ulinificha kwa nini?"

"Nikikuambia jino, nakuambia na wimbo."

Taaka akatamani kucheka na akatamani kulia. Wivu haukutoka, ulihama tu mahali. "Leo utapiga vipi?"

"Nitasimama tu. Rekodi itapiga, mimi nasogeza vidole."

"Na yeye atakaa kule nyuma akisikiliza pumzi yake ikiitwa Ekaju."

"Alikubali. Watu watanicheka, Taaka. Ni albamu yangu ya kwanza."

"Mimi nilidhani umemficha kwa sababu unampenda. Kumbe umemficha kwa sababu ya aibu. Hiyo naogopa zaidi. Leo umekula kazi yake na kufuta jina. Kesho mimi utanifuta kwa nini?" Akarekebisha mkono wa gauni. "Nakaa wimbo wa kwanza na wa pili. Wa tatu ukianza na huyo msichana bado yuko nyuma, narudi Busia. Na usinifuate Alhamisi."

Akaenda akaketi karibu na njia ya kutokea.

Wimbo wa kwanza watu walipiga makofi. Ekaju akasogeza vidole, jino limerudi mahali pake, suti inameta. Wa pili mtangazaji akasema hii ndiyo jazi ya sasa, mabibi na mabwana, na imetoka kwetu. Mkoba wa Taaka ulikuwa tayari magotini. Piano ya wimbo wa tatu ikaanza kwenye spika, akasimama.

"Zima," Ekaju akasema kwenye maikrofoni.

Fundi akazima. Wakasikika ndege tu kwenye miti.

"Hii inayofuata sikupiga mimi. Nyimbo tatu kwa hii albamu sikupiga mimi. Nilivunja jino, amepiga Felistus, amekaa kule nyuma. Jalada limeandikwa uongo. Nitalichapisha upya." Akatoa lile jino, akalionyesha. Watu wakaangua kicheko, kama alivyoogopa, na yeye akangoja kiishe. "Felistus, njoo."

Msichana alikuja na saksafoni yake mwenyewe. Safari hii mchungaji alikuwa ameandika barua. Akapiga "Foleni" kwa ile mistari mirefu, vipande vinne kwa pumzi, na Taaka akiwa amesimama aliona uchungu kukiri kwamba ulikuwa mtamu. Aliposhuka alipita karibu naye.

"Wewe ndiye wa kibanda?" Felistus akauliza. "Studio aliniandikia kwenye karatasi nisiupige haraka. Eti ni malori yanasogea, kuna mtu anayatazama."

"Ndiyo mimi."

"Basi pole kwa rangi. Ile haitoki hata kwa sabuni."

"Nimeona," Taaka akasema. Hawakucheka, lakini walielewana.

Kisha Ekaju akaufuta mdomo wa saksafoni kwa kitambaa, akaurudia wimbo, safari hii mwenyewe. Jino aliliacha mfukoni. Upepo ulipita penye pengo, noti mbili zikapotea kabisa, na kila vipande viwili akakata, akaonja ile chai yake ya moto mbele ya watu wote. Taaka alitoa simu, akarekodi hadi mwisho mkono ukiwa juu. Mkoba ulikuwa umeanguka na hakuuokota.

Jumatano simu ikalia kibandani.

"Sukari, nimenunua kipande kipya cha kupulizia. Hakuna mtu amekigusa."

"Hata wewe?"

"Nangoja wewe ukiguse kwanza. Halafu nataka kuja Buteba kwa wazee wako. Jumamosi ni sawa?"

"Uko na jino?"

"Daktari anaweka la kudumu mwezi ujao."

"Basi uje mwezi ujao. Mama hawezi kupokea salamu zina upepo."

Mildred, aliyekuwa amesogea karibu akijifanya anapanga mabeseni, akasema, "Mwambie tumekubali," na Taaka akamsukuma.

Akakata simu, akageukia kompyuta. Albamu ya *Foleni* sasa ilikuwa na nyimbo tisa. Felistus alikuwa na jina lake kamili, ila "Foleni" yake Taaka aliiweka mwisho kabisa, ya tisa, na hakuona haja ya kumweleza mtu sababu. Wa tatu ulikuwa ule alioupiga Ekaju bustanini, wenye pengo.

Dereva mmoja wa Kigali akaujaribu kwenye spika. Akasikiliza kidogo, akakunja uso.

"Dada, huyu mtu anapumua sana."

"Anapumua," Taaka akasema, akamkabidhi flashi yake. "Huyo ni wangu."