Paa Lililopigwa Mara Mbili

Inspekta alifika kwenye gereji ya magari ya mashindano saa nne na robo asubuhi. Mafundi walikuwa wameshalinyanyua gari lililomwangukia mwenzao, lakini wapi! Fundi mkuu alikuwa amekwisha kukata roho, miguu nje, kifua chini ya chuma.

Bosi wa gereji alijifuta jasho, akaeleza. "Afande, gari hili lina jeki zake nne za hewa, zimefungwa humo humo tumboni. Hapa nyuma pana tundu. Ukichomeka bomba la hewa, miguu minne inachomoza na gari linasimama. Ukichomoa, hewa inatoka, linakaa chini."

"Na mtu akitaka kuingia chini?"

"Anavisha kila mguu pingu." Alionyesha vyuma vinne vya duara vilivyoning'inia ukutani. "Zikiwepo, gari halishuki hata hewa ikiisha."

"Sasa mbona ziko ukutani?"

"Tulikuwa kwenye mazoezi ya kubadili magurudumu, hakuna anayeingia chini. Tena mafundi unawajua. Wakiingia wanafunga pingu. Wakichungulia tu, wanasema aa, dakika moja."

Kijana mmoja alikuwa amekaa juu ya tairi, bomba la hewa bado liko mkononi. Kazi yake ilikuwa hilo bomba, na jina lake la gereji lilikuwa hilo hilo, Bomba. Marehemu alikuwa kaka yake, tumbo moja.

"Nimemuua kaka," alisema. "Paa lilipigwa mara mbili, nikachomoa. Sikujua kama yuko chini. Nilimwacha kwenye gurudumu la mbele."

Inspekta alimgeukia bosi, maana kupiga paa ni kazi ya bosi. Makofi mawili, shusha gari. Ndiyo sheria ya pale.

"Mimi nilikuwa ofisini kwenye simu!" bosi aliruka. "Hebu njoo uone mwenyewe." Juu ya paa palikuwa na namba kubwa, imepakwa asubuhi ile, na rangi ilikuwa bado mbichi. Paa zima hakuna hata alama ya kidole.

"Hakuna aliyepiga," bosi alisema kwa sauti ya chini, akimtazama Bomba kwa huruma.

Dereva naye alihojiwa. Wakati wa ajali alikuwa kwenye kiti chake ndani ya gari. "Sikusikia kitu, afande. Nilishtukia tu tunashuka. Ila hao ndugu walikuwa wamenuniana wiki nzima, hata salamu hakuna." Akaondoka, akajigonga bega la kushoto kwenye nguzo ya mlango, nguzo nene ambayo hata mlevi angeikwepa. Inspekta akasema moyoni, maskini, mshtuko.

Bomba akawekwa ndani. Hakukataa. Kila mlango ulipofungwa taratibu, kwa mlio kama wa pumzi, alijiziba masikio. "Ni ile hewa," alimwambia askari wa zamu. "Inapumua. Inapumua kama yeye."

Kesho yake mama yao alikuja kituoni, kanga mbili, macho makavu. Hakulia, na hilo lilimtisha Inspekta kuliko kilio.

"Mwanangu," mama alisema, "mmoja nimemzika. Niambie ukweli, na huyu mwingine nimhesabu mfu? Kamuua mwenzake?"

"Waligombana nini, mama?"

"Upuuzi wa ndugu. Mdogo alitaka kuhama gereji, mkubwa hakutaka. Lakini jioni ile ya mwisho mkubwa hakumtaja mdogo wake kabisa. Aliniambia, 'Mama, kuna mtu anaona nusu ya barabara, na kesho lazima niseme kabla hajaua mtu.'"

Nusu ya barabara. Inspekta alikumbuka lile bega na ile nguzo. Alirudi gereji peke yake, akakaa kwenye kiti cha dereva. Akatazama juu. Gari la mashindano halina bitana. Juu ya kichwa ni bati tupu. Akanyoosha mkono, ukaligusa.

Mchana ule aliwaita wote watatu, bosi, dereva na Bomba. Gari likanyanyuliwa, na safari hii pingu zikafungwa kwenye kila mguu. Bomba aliinama nyuma na bomba lake. Inspekta aliingia ndani ya gari, akakunja ngumi, akalipiga bati la juu mara mbili.

Mkono wa Bomba ulichomoa kabla yeye mwenyewe hajajua. Hewa ikatoka, fyuuu, ndefu. Gari halikushuka. Bomba alianguka magoti akalia kwa sauti.

"Ni hivyo hivyo! Ni sauti ile ile!"

"Paa lilipigwa kutoka ndani," Inspekta alisema akitoka. "Na ndani alikuwemo mtu mmoja tu. Naye aliniambia hakusikia kitu, na mimi masikio bado yananivuma."

Alisogea upande wa kushoto wa dereva, akamnyooshea spana. "Shika." Dereva hakugeuka. Alikuwa akimtafuta mbele, kulia, huku spana iko shubiri moja kutoka shavuni mwake. Bosi akashika kichwa. "Lo! Jicho lako!"

"Tangu ajali ya mwaka jana," dereva alisema. "Fundi aligundua. Alitaka kukwambia asubuhi ile. Bila gari mimi ni nani? Nilimwambia kuna kitu kinagonga chini, achungulie. Nilitaka kumtisha tu."

"Mtu hatishwi kwa gari zima kifuani," Inspekta alisema. "Ukamwachia mdogo wake auchukue mzigo wako." Akamfunga pingu, hizi nyingine, ndogo.

Jioni Bomba alitolewa. Mama alikuwa akimsubiri nje ya kituo.

"Mkono ni wangu, mama," Bomba alisema. "Wameniachia, lakini mkono ni huu huu."

Mama aliushika ule mkono kwa mikono yake miwili. "Nimezaa watoto wawili," alisema, "na hakuna aliyemuua mwenzake. Leo nitalia." Na kweli akalia, pale pale barabarani, watu wakipita.

Basi lao likasimama. Mlango ukafunguka kwa hewa, fyuuu, na Bomba akaruka nyuma, uso umempauka.

Mama alimpungia dereva wa basi aende zake. Kisha akajifuta macho kwa ncha ya kanga, bila kuuachia mkono wa mwanawe.

"Si mbali," alisema. "Twende kwa miguu."